Likizo ya Dodoma ielekee kusini

Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma Julai 2024, likizo ya mkazi wa makao makuu imepata njia moja: saa chache hadi Dar es Salaam, boti ya Unguja, siku kadhaa ufukweni, kisha kurudi kazini mfuko ukiwa mtupu. Sina ugomvi na njia hiyo, ila imetusahaulisha kwamba Dodoma iko katikati ya nchi. Barabara inayotoka Kondoa na kupita hapa inaendelea kwa lami hadi Mtera na Iringa, na kutoka Iringa mpaka Mbeya ni lami pia. Basi linaloondoka alfajiri linafika siku hiyohiyo. Familia ya mtumishi wa kawaida ikiunganisha jiji la Mbeya na safari fupi ya meli katika Ziwa Nyasa, itapata likizo yenye mengi kuliko ile ya Unguja, tena katika miji ambayo nyumba za wageni hazipangi bei zikimtazama mgeni mwenye dola.

Mtu wa uwanda wa kati huona tofauti haraka. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Tukuyu, kusini mwa Mbeya, hupata zaidi ya 2,000. Mtoto aliyezoea mibuyu na mashamba ya zabibu atakutana na ukungu, chai, migomba, Ziwa Ngozi lililomo ndani ya kreta, na Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira. Kisha njia inateremka Kyela, kwenye mpunga na kakao, mpaka ziwani. Hapo ndipo MV Mbeya II, iliyoundwa palepale katika bandari ya Itungi na kuanza kazi mwaka 2021, inapobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo kuelekea Mbamba Bay. Upande wa kushoto Milima ya Livingstone inaangukia majini, na meli hupita vijiji kama Lupingu ambako kwa miaka mingi maji yamekuwa njia nyepesi kuliko nchi kavu. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ndiko meli ya Waingereza Guendolen ilikoilemaza Hermann von Wissmann ya Wajerumani mnamo Agosti 1914, nahodha wa Kijerumani akiwa hata hajapata habari kwamba vita vimeanza. Ukishuka Mbamba Bay huna haja ya kurudi ulikotoka: lami inakupeleka Mbinga, kisha Songea kwenye Makumbusho ya Majimaji, kisha Njombe, Iringa na nyumbani.

Watakuwapo wa kusema kwamba hiyo si meli ya starehe, ni ya magunia na samaki. Ni kweli. Lakini Hurtigruten ya Norway ilianza mwaka 1893 ikibeba barua, mizigo na wanakijiji wa pwani, na leo watu huvuka bahari kwenda kuipanda kwa bei kubwa. Upande wa Malawi, MV Ilala imevutia wasafiri tangu miaka ya 1950 bila kuacha kubeba mahindi. Mzigo wenyewe ni sehemu ya kinachotazamwa.

Hoja ya usalama ni nzito zaidi, na anayeipuuza amesahau ajali ya MV Bukoba ya 1996 na ya MV Nyerere ya 2018, kivuko cha watu 101 kilichozama na kuua watu wasiopungua 228. Katika ajali zote mbili watu walikuwa wengi kuliko uwezo wa chombo. Tiketi inayokatwa siku kadhaa kabla ni kinga kwa sababu idadi hujulikana kabla kamba haijafunguliwa, na msafiri wa likizo ndiye anayeweza kupanga mapema hivyo. Kuna pia upepo wa kusi, unaochafua ziwa hasa kati ya Mei na Agosti. Juni, basi, si mwezi wa safari hii. Asiyefungwa na ratiba ya shule achague Oktoba. Wenye watoto wabaki na Desemba, na wabebe miavuli, maana Tukuyu mvua hainyeshi kwa kubahatisha.

Tatizo halisi liko kwingine. Mpango mkubwa wa kukuza utalii wa kusini, REGROW, uliopewa mkopo wa dola milioni 150 na Benki ya Dunia mwaka 2017, ulielekezwa kwenye hifadhi nne: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Mwaka 2024 Benki hiyo ilisitisha fedha baada ya malalamiko ya wanavijiji wa kandokando ya Ruaha. Katika hesabu hiyo yote mgeni wa kufikiriwa alikuwa anatoka ng'ambo. Mtu wa Nzuguni au Kisasa hapa Dodoma mwenye siku 28 za likizo hakuwemo, wakati yeye hahitaji uwanja mpya wa ndege. Anahitaji kujua meli inaondoka lini.

Wenye meli waanze na hilo. Ratiba ya miezi mitatu ibandikwe stendi ya Nanenane, tiketi zikatwe kwa simu, na kampuni za mabasi ya Mbeya zipewe nakala. Gharama yake ni karatasi na mtu wa kupokea simu.