Muvi inafunguliwa Dar Ijumaa, Mahongole je?

Desemba 18, 2026 ndiyo siku iliyopangwa kufunguliwa kwa Avengers: Doomsday, muvi ya Marvel inayomrudisha Robert Downey Jr. Safari hii hayuko upande wa mashujaa kama Iron Man. Anakuja kama adui, Doctor Doom. Ni Ijumaa, wiki moja tu kabla ya Krismasi.

Kwa mpenzi wa muvi wa Dar es Salaam, hesabu ni rahisi: nauli ya daladala, tiketi na bisi. Jioni hiyohiyo anakuwa sawa na mtu wa London au Nairobi.

Kwa kijana wa Mahongole, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Makambako mkoani Njombe, hesabu ni nyingine. Dar iko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Desemba mvua imeshashika na shamba la mahindi linamsubiri. Hakuna anayepanda basi usiku kucha kwa ajili ya muvi ya saa tatu.

Halafu kuna shida ya Krismasi yenyewe. Ndiyo wiki ambayo ndugu wa mjini wanarudi nyumbani. Wanashuka stendi ya Makambako na mabegi, na zawadi, na mwisho wa muvi mdomoni.

Kwa nini siku ya kwanza?

Mwaka 2019, Avengers: Endgame ilikusanya takriban dola bilioni 1.2 duniani ndani ya siku zake chache za mwanzo. Kabla haijatoka, waongozaji wake, ndugu wawili Anthony na Joe Russo, waliwaomba mashabiki hadharani wasiwatobolee wenzao siri.

Ombi hilo linaeleza kila kitu. Muvi kubwa ni kama mechi ya Simba na Yanga. Ukishaambiwa matokeo, kuangalia marudio kesho yake si jambo lilelile. Unachokosa si picha, ni ule wasiwasi wa kutokujua, na kelele za watu wasiojua kama wewe.

Ndiyo maana watu hulipia siku ya kwanza wakati wiki mbili mbele ukumbi utakuwa na nafasi tele. Wananunua kushangaa pamoja.

Ufunguzi wa kibanda umiza

Mitaa na vijiji visivyo na ukumbi wa sinema havijawahi kukosa siku ya kwanza. Vilijitengenezea yao.

Kwenye kibanda umiza, mabenchi yamebanana, madirisha yamezibwa, na ubao wa nje umeandikwa kwa chaki muvi ya leo. Tarehe ya Hollywood haina maana hapo. Muvi "inatoka" siku ile nakala iliyotafsiriwa inapofika.

Mtafsiri ndiye mwenye siku hiyo. Lufufu alijijengea jina kubwa Dar kwa kazi hii, na DJ Afro akafanya hivyo Kenya. Watafsiri hawa hawageuzi maneno tu. Wanawapa wahusika majina mapya, wanatia utani, wanamsema jambazi kabla hajapigwa, na wanaikumbusha hadhira kwamba steringi hafi. Anayetoka mle ndani hajioni amechelewa miezi mitatu. Ameona muvi mpya, na ameiona na watu.

Simu ndiyo inayobadilisha hilo. Siku hizi muvi inarushwa kwenye flashi au memori kadi, au inapitia Telegram kwa mwenye bando. Kila mtu anaiona kwa saa yake, spika za masikioni zikiwa zimechomekwa. Muvi inafika haraka kuliko zamani, ila watu wa kushangilia nao wanapungua.

Anayelipwa ni nani?

Hapa ndipo uhondo unapogeuka kuwa suala la pesa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake, na nakala inayorushwa kwenye flashi haimpelekei hata shilingi.

Marvel wanaweza kulimeza pengo la Mahongole. Mtayarishaji wa Bongo Movie hawezi. Mashabiki wake wengi wako mikoani, mbali na kumbi. Muvi yake ikizinduliwa kwenye ukumbi mmoja wa Dar, siku ambayo hamu iko juu kabisa mikoani ndiyo siku ambayo hana cha kuwauzia. Pengo hilo analijaza mwenye flashi.

Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo wakilalamikia muvi za nje zilizokuwa zikiuzwa kiholela kwa bei ya kutupa. Malalamiko yalikuwa na msingi. Lakini kumzuia mwenye nakala bila kumletea mteja njia nyingine ni kufunga duka na kuiacha njaa palepale.

Dishi halijui umbali

Ushahidi kwamba kusubiri si lazima tayari uko sebuleni. Chaneli ya Sinema Zetu ya Azam, au Maisha Magic Bongo ya DStv, ikirusha sehemu mpya ya tamthilia, mwenye king'amuzi wa Mahongole anaiona dakika ileile na mtu wa Masaki. Kesho yake wote wana la kubishania, na hakuna wa mjini wa kumsimulia wa kijijini.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya kweli ambayo Mahongole inayo leo. Ni ya Kiswahili, na imelipiwa.

Kwenye ukumbi pia inawezekana. Februari 2018, Black Panther ilizinduliwa Kisumu, mji wa nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o, ambako baba yake ndiye gavana. Kisumu si Nairobi, na bado zulia lilitandikwa.

Nyuma zaidi, Zanzibar ya miaka ya 1950 ilikuwa na ujanja wake. Nakala ya filamu ya Kihindi ikiwa moja na kumbi mbili, vijana wa baiskeli walikimbiza mikebe kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine ili pande zote mbili zione jioni ileile. Arusha, Moshi, Tanga na Mwanza nazo zilikuwa na kumbi zake, kabla ya video za miaka ya 1980 na televisheni iliyoingia Bara mwaka 1994 kuwabakiza watu nyumbani.

Leo mkebe wenyewe ni faili tu. Makambako ni njia panda: barabara ya Mbeya na ya Songea zinaachana hapo, na reli ya TAZARA inapita. Watu wa kujaza ukumbi siku moja kwa mwezi wapo. Kinachotakiwa ni projekta, kibali cha Bodi ya Filamu, tiketi ya bei ya kijijini, na makubaliano yanayompa mwenye kibanda fungu lake na mtayarishaji lake. Mwenye kibanda anajua wateja wake kuliko msambazaji yeyote wa Dar. Kumfanya wakala kuna faida kuliko kumfanya mtuhumiwa.

Yapo magumu. Umeme hukatika, na studio za Marekani hazitakimbilia soko la tiketi za bei ndogo. Ndiyo maana pa kuanzia ni muvi za hapa nyumbani, ambazo mwenye mali anapigiwa simu na anapokea.

Doomsday huenda ikafika Mahongole kwa njia ileile ya siku zote. Lakini muvi ya Kitanzania ikifunguliwa Makambako wiki ya Krismasi, ndugu wa Dar atashuka stendi akiwa hajaiona. Itabidi apange foleni na wenzake.