Tusitupe Chombo kwa Kosa la Mkalimani

Wanafunzi wenzangu, nanyi kaka zetu mliokwisha kutoka shuleni, nataka kusema neno juu ya chumba chetu cha muziki hapa Kigobe. Wako wanaosema kwamba kile kisanduku cha kunasia sauti, ambacho kaka zetu walituzawadia mwaka 2016, kimekufa, tena wameanza kuchanga fedha za kununua kingine. Mimi nasema hakikufa. Kosa lilikuwa letu, na kwa hakika lilikuwa langu.

Mzee mmoja mpiga inanga alikubali kuja kutoka Gitega kwa basi ili tunase nyimbo zake. Mjuavyo, wako wapigaji wa inanga hapa Burundi waimbao kwa kunong'ona, na mnong'ono ule simu ya mkononi haiunasi vizuri. Ijumaa usiku, nikidhani natengeneza mambo, niliruhusu kompyuta isasishwe kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Kulipokucha mzee aliketi, inanga i mapajani, na kompyuta ikawa bubu. Tulihangaika mpaka saa nane mchana. Mzee akatuambia kwa upole kwamba basi litamwacha, akaifunga inanga yake katika kitambaa, akaenda zake. Hajarudi mpaka leo.

Basi, nini kilitokea? Kompyuta na kisanduku havisemi lugha moja. Kati yao yupo mkalimani, nayo ni programu ndogo iitwayo draiva. Draiva yetu ilikuwa ya zamani, imeandikwa kwa ajili ya mfumo uliopita. Nyumba ilipopata mwenyeji mpya, mkalimani hakuelewana naye. Jambo hili tulilihakikisha Jumatatu: tulikichomeka kisanduku kile kile katika kompyuta nyingine ambayo haijasasishwa, kikalia vizuri kabisa. Kisha tukaiondoa draiva ya zamani, tukaiwasha kompyuta upya, tukaweka draiva mpya iliyotolewa na watengenezaji wa kisanduku, ndipo tukakichomeka. Kazi ilichukua jioni moja, wala hatukununua kitu.

Wengine watasema, "Heri tusisasishe kamwe." Sikubaliani nao. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyopata marekebisho ni nyumba isiyo na komeo, hasa hapa shuleni ambapo flashi hupita mkono kwa mkono. Wengine walitaka tuuzime ulinzi wa kompyuta ili draiva ya zamani ipate kupita. Hiyo nayo ni kumfungulia mwizi kwa ajili ya kumwingiza mgeni.

Shauri langu ni hili. Kwanza, tusisasishe kompyuta ya muziki katika juma lenye kazi; haraka haraka haina baraka. Pili, kabla ya kusasisha tutazame kama draiva ya mfumo mpya imekwisha kutolewa, tuiweke kwenye flashi, na nyimbo zetu tuziweke nakala mahali pengine. Tatu, mambo yakiharibika tukumbuke kwamba katika siku 10 za kwanza kwa kawaida Windows 11 huruhusu kurudi kwenye mfumo wa kwanza. Mimi sikujua, na kutojua kwangu kulimrudisha mzee mikono mitupu. Nne, ikiwa watengenezaji wameacha kuandika draiva za chombo fulani, bado tusikitupe. Tujaribu Linux, ambayo huja na draiva za vyombo vingi vya zamani, au tuweke kompyuta moja ya muziki tu, isiyounganishwa na intaneti.

Tena chumba kile kiwe na daftari. Kila anayegusa mashine aandike tarehe, alichobadilisha, na draiva aliyoweka. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa kidato cha mwisho tutaondoka, na tukiondoka na ujuzi wetu kichwani, watakaotufuata watakiita tena kisanduku maiti.

Kwa hiyo naomba fedha zile zilizokwisha kuchangwa zisinunue kisanduku kingine. Ziwe nauli ya mzee kutoka Gitega, kuja na kurudi, pamoja na chakula chake. Nami nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe.