Kabla hujatoa pesa, ihesabu simu!

Huku kwetu Kinjumbi pesa za ufuta zikiingia tu, wachuuzi wa simu nao hao! Kila simu "mpya kabisa", kila bei "ya kukusaidia". Basi wiki hii nakupa siri isiyohitaji fundi, kalamu na karatasi tu.

Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15 iitwayo IMEI (simu ya laini mbili hutoa namba mbili). Usiogope urefu wake. Tarakimu 14 za mwanzo ndizo namba yenyewe. Ya 15 ni mlinzi, kazi yake kuumbua makosa.

Tuchukue namba ya mfano: 490154203237518. Anzia kushoto. Tarakimu ya pili, ya nne, ya sita, hivyo hivyo mpaka ya 14, zidisha kwa 2. Jibu likizidi 9, toa 9. Hapo 9, 1, 4, 0, 2, 7, 1 zinakuwa 9, 2, 8, 0, 4, 5, 2. Jumla 30. Zilizobaki, pamoja na mlinzi, jumlisha kama zilivyo: 4+0+5+2+3+3+5+8. Nazo 30. Ukiunganisha unapata 60, inagawanyika kwa 10 bila baki. Imepita!

Ujanja huu ni wa Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliyeomba hatimiliki yake Marekani mwaka 1954. Hata kadi za benki zinautumia. Tarakimu moja tu ikikosewa, hesabu inagoma. Mbili za jirani zikibadilishana nafasi, inagoma pia. Isipokuwa 0 na 9! Maana 9 mara 2 ni 18, toa 9 unarudi kwenye 9 ile ile, na 0 inabaki 0. Hao wanampita mlinzi akiwa macho.

Juzi mjomba wangu alishashika noti mkononi. "Mjomba, ngoja kwanza," nikamwambia. Tukapiga hesabu pale pale: 57! Muuzaji akacheka, "Dogo, simu haiendi shule."

"Mpwa wangu kaenda," mjomba akamjibu, noti zikarudi mfukoni.

Lakini usije ukanilaumu! Namba ikipita haina maana kwamba simu ni halali. Tapeli naye anaweza kupiga hesabu, au akanakili namba ya simu nzima. Hesabu inamnasa mzembe, mjanja anahitaji dawa nyingine. Usiku wa Juni 16, 2016, TCRA walipozima simu feki, watu kibao walibaki na mapambo mkononi. Wakati ule tulifundishwa kutuma IMEI kwenda 15090 ili kujua ni ya simu gani. Ukiambiwa jina tofauti na la simu uliyoshika, timua mbio!

Ufuta haupaliliwi kwa mdomo, ndugu yangu. Dakika tano za kujumlisha zisikushinde. Haya, tukutane wiki ijayo!