FUNDI WA NYUMBANI: Kubadili Jicho la Tochi

Leo usiku washa tochi yako ndogo ya mfukoni, umulike vitu vitatu: kiganja cha mkono wako, nyanya mbivu, na kitambaa chekundu. Vitazame vema. Kesho asubuhi vitoe nje uvitazame tena juani. Kama tochi yako ni ya zile za bei nafuu, yaelekea sana utakuta kwamba usiku ilikudanganya. Kiganja kilikuwa kama cha mgonjwa, nyanya ilielekea rangi ya kahawia, na kitambaa kilififia.

Jambo hili si dogo. Mama aamkaye saa nane za usiku kumtazama mtoto mwenye homa, atazama nini? Atazama rangi. Je, midomo imepauka? Je, upele umetoka kifuani? Alichokitapika kina damu, au ni mabaki ya chakula tu? Naye baba aliyeitwa zizini ng'ombe azaapo, hali yake ni ile ile. Basi leo tuzungumze juu ya kubadili jicho la tochi. Wengi hulibadili kwa kutamani mwanga mkali zaidi, kumbe faida kubwa haiko huko.

Kwanza yafaa kujua jicho lenyewe ni kitu gani. Tochi za zamani zilikuwa na globu yenye uzi mwembamba, uliopashwa moto na umeme hata ukang'aa. Globu ile ilimaliza mawe upesi mno, lakini wekundu iliuonyesha vizuri. Tochi za sasa zina LED, yaani kile kitone cha manjano unachokiona katikati, kisicho na uzi wowote. LED nyekundu ya kufaa kazi ilitengenezwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Ile ya bluu iliwasumbua wataalamu miaka mingi, hata wazaliwa watatu wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wakaiweza. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Kwa nini bluu iwe na thamani namna hiyo? Kwa sababu LED nyeupe, kwa kweli, si nyeupe. Chini mna LED ya bluu, na juu yake umepakwa unga wa manjano. Sehemu ya bluu hupita, sehemu hugeuzwa na unga kuwa manjano, na macho yetu yakipokea yote mawili pamoja hudhani ni nyeupe. Wekundu ndio uliopunjwa. Tena nyanya haina wekundu wake yenyewe gizani. Hurudisha tu ule iliomulikwa nao. Isipopewa, itatoa wapi?

Watengenezaji wengine wameurekebisha unga huo ili wekundu uongezeke. Jicho la namna hiyo utalijua kwa alama iitwayo CRI, ambayo mwisho wake ni 100. Macho ya kawaida ya tochi huwa na 70 hivi. Wewe tafuta 90 au zaidi. Mfano mmoja upendwao na mafundi ni Nichia 219 ya Japani, iliyo ya aina kadhaa. Uliza ile ya CRI zaidi ya 90. Upana wake ni milimita 3.5 kila upande, nayo hukaa mahali pale pale pa macho mengi ya tochi ndogo, kama lile la Cree XP-E. Utaona pia namba ya Kelvini. 6500 ni mwanga wa kibuluu, 3000 ni wa kimanjano kama wa globu, na 4000 au 4500 ni katikati. Mimi ningechukua ya katikati. Lakini hata jicho zuri lisikufanye uamue usiku kama mtoto ana macho ya manjano: hilo litazame mchana, kisha umpeleke zahanati.

Ni kweli kwamba jicho la rangi njema hutoa mwanga pungufu kuliko lenzake la CRI 70 la toleo lile lile. Usihuzunike. Mwanga ukipungua kwa sehemu moja katika tano, aliyekuwa akiona hatua 50 ataona karibu hatua 45. Kadhalika anayetaka kuona mara mbili ya mbali hana budi kuuongeza mwanga mara nne, wala si mara mbili. Ndiyo sababu nasema kuukimbilia ukali ni kupoteza fedha na mawe. Tena kama jicho lako la sasa ni la miaka mingi, huenda jipya likaushinda mwanga wake kwa umeme ule ule.

Si kila tochi yafaa. Ile ya plastiki yenye punje nyingi ndogo iache ilivyo, maana haina njia ya kupeleka joto. Yafaa ile yenye mwili wa alumini, jicho moja, na kichwa kifungukacho kwa kuzungusha. Macho mengi meupe hutaka volti 3 hivi, kwa hiyo jipya hukubaliana na mtambo uliomo. Lakini angalia! Yapo ya volti 6 na 12. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Haya, kazini. Toa betri kwanza, hasa kama ni ya lithiamu, kwani nyaya zake zikigusana huweza kuleta moto. Ondoa kioo na kile kikombe king'aacho, utaliona jicho juu ya kibao kidogo cha chuma. Andika upande wa kuongeza na wa kutoa. Kulibandua jicho kwenye kibao kwataka joto la chini: risasi ya kulehemu ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 183, na ile isiyo na madini ya risasi kwenye 217 hivi. Fundi simu mwenye mashine ya hewa ya moto hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, nami nakushauri umpelekee. Njia rahisi zaidi ni kununua jicho lililokwisha kubandikwa kwenye kibao chenye upana sawa na chako. Hapo nyaya mbili tu ndizo za kulehemu. Usiifanye kazi hii jikoni wala kwenye kikaango, na unawe mikono, kwa maana risasi ni sumu.

Sehemu ya juu ya jicho ni laini. Usiiguse kwa kucha. Chini ya kibao paka dawa nyeupe ya kupitisha joto, kidogo tu, uembamba wa karatasi. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona kwamba tochi imewaka bila hiyo. Itawaka, naam, lakini joto lisipofika kwenye mwili wa tochi huliua jicho polepole. Rudisha pia kile kipete cha plastiki kilichokuwa kikilizunguka jicho. Hukiweka kikombe kisiguse nyaya; kikigusa, umeme utakatiza njia na jicho halitawaka.

Funga yote, rudisha betri, washa ukielekeza ukutani wala si usoni mwa mtu. Baada ya dakika tano shika kichwa cha tochi. Kikiwa na joto la wastani ni vizuri, maana joto limepata njia. Kikiwa baridi kabisa huku mwanga ukififia, fungua tena ukaze kibao.

Juma lijalo tutazungumza juu ya swichi, kwani tochi nyingi zisemwazo kuwa zimekufa zimekufa hapo tu.