Ufunguo usibaki kwenye chaki, hata umeme ukikatika

Leo naweka pembeni mbolea na viwavijeshi. Msimu wa kupukuchua mahindi umefika, na shafti za mashine za kupukuchua na kusaga zimepanga foleni kwa mafundi wa kukereza chuma. Nami nashinda huko huko na wakulima wangu. Kuna jambo naliona mara kwa mara na silikubali.

Fundi anafunga shafti kwenye chaki (nasema chaki ya mashine, siyo ya ubaoni), anaikaza kwa ufunguo, halafu anageuka kupokea simu. Ufunguo umebaki umechomekwa. Akiwasha, chaki inauzungusha na kuurusha. Mwaka juzi niliona mmoja ukipita karibu na sikio la mkulima niliyemsindikiza, ukatoboa bati la ukuta. Mwenye karakana akamfokea kijana wake: "Uzembe huo!"

Mimi nasema haukuwa uzembe wa kijana peke yake. Fikiria umeme unapokatika katikati ya kazi. Chaki imesimama, kijana anaona ni nafasi nzuri ya kukaza upya, anachomeka ufunguo. Swichi hajaizima. Mashine nyingi kuukuu zina swichi ya mkono tu, hazina kontakta ya kuzuia mota isiwake yenyewe umeme ukirudi. Ukirudi, ufunguo unaruka, au unampiga mkono, na yeye hajawasha kitu. Hapo utamlaumu nani? Kwa hiyo, mwenye karakana, kabla ya kununua mashine ya pili, weka kontakta yenye kitufe cha kuwasha na cha kuzima. Na kabla hujaiweka, umeme ukikatika tu, zima swichi kuu kwanza. Ufunguo uingie kwenye chaki pale tu mkono wako unapoushika, na utoke na mkono huo huo.

Sasa ukazaji wenyewe. Chaki ya meno matatu husogeza meno yote pamoja, ni nzuri kwa kitu cha duara. Lakini shafti za wakulima huja zimelika penye beringi na kujazwa kwa kulehemu, kwa hiyo pale siyo duara tena. Ukiishika kwenye vinundu vya kulehemu, imeshikwa kwa kubahatisha, na kisu kikiingia itahama. Shika sehemu safi, au tumia chaki ya meno manne, ambayo kila jino hujisogeza peke yake. Hapa ndipo chaki ya ubaoni inafaa: izungushe shafti taratibu kwa mkono, mashine imezimwa, ukiisogezea chaki. Itakapoguswa ndiko iliko juu. Legeza kidogo jino la upande wa pili, kaza la upande huo, rudia mpaka alama izunguke pande zote. Ni kazi ya dakika kumi, wala usiione aibu kuichukua.

Shafti ikitokeza nje ya chaki zaidi ya mara tatu ya unene wake, ishikilie mwisho wake kwa senta. Yaani ya milimita 40 isizidi 120 bila senta. Vivyo hivyo chuma kirefu kisiachwe kinaning'inia nyuma ya mashine; kikizungushwa kasi hupinda na kupiga kama fimbo. Usiongeze bomba kwenye ufunguo ili ukaze zaidi: umetengenezwa kwa nguvu ya mkono. Kaza kwenye matundu yote ya chaki, siyo moja tu, kisha izungushe kwa mkono mzunguko mzima uone meno hayagusi kitu. Glavu vua. Najua utasema zinalinda mikono. Kwenye kitu kinachozunguka zinavuta mkono ndani.

Nawe mkulima, acha kumwambia fundi "harakisha, gari linaondoka." Na usisimame mkabala na chaki inapowashwa, simama pembeni, nyuma ya fundi upande wa senta.

Karakana moja ninayoifahamu wamepigilia ndoano ukutani juu kidogo ya swichi. Ufunguo unaning'inia hapo. Kijana akinyoosha mkono kuwasha na kuona ndoano tupu, anajua pa kuutafuta.