Si Kila Nyoka Anataga, So Wacha Kuota Biashara ya Mayai

Wasee wa Kwale, tuelewane kwanza. Kila nikiweka video ya nyoka, hakosi mtu wa kuniandikia: "Bro, tutafute wawili, dume na jike, watage, tuuze watoto." Kutoka Ukunda hadi Msambweni vijana wameona watu mtandaoni wakilala na nyoka shingoni, sasa wanadhani hii ni kama kufuga kuku. Msimamo wangu ni huu: kama hujui nyoka anazaa vipi, huna biashara ya kumshika.

Kwa sababu hawazai sawa, hata wa ukoo mmoja.

Chukua boa wa mchangani wa Kenya, Eryx colubrinus. Ni mfupi, mnene, mkia butu, hana sumu, na anaishi sehemu kavu akijifukia mchangani. Ulaya na Marekani anafugwa sana majumbani, tena anauzwa kwa jina la nchi yetu. Huyu hatagi. Anabeba mimba miezi kadhaa, halafu anazaa watoto hai, pengine kumi hivi kwa mpigo.

Sasa vuka bahari mpaka Oman. Huko kuna binamu yake, Eryx jayakari, aliyepewa jina la Jayakar, daktari aliyefanya kazi Muscat karne ya 19. Naye anajifukia mchangani vilevile. Lakini huyu anataga mayai!

Ajabu haijaisha. Mwaka 2010 watafiti Vincent Lynch na Günter Wagner walichapisha hoja kwamba mababu wa huyu wa Uarabuni walikuwa wanazaa, kisha ukoo wake ukarudia kutaga. Dalili mojawapo ni hii: watoto wa nyoka wanaotaga huwa na kijino cha kupasulia ganda, lakini watoto wa jayakari hawana. Yaani mayai yalirudi, kijino kikabaki huko zamani.

Na chatu wetu? Anataga makumi ya mayai, halafu jike anajizungusha juu yake kuyalinda mpaka yaanguliwe. Kwa hivyo ukimwona boa ukamwita "chatu mdogo", ukaenda kuchimba mayai yake, utachimba mpaka uzeeke.

Najua mtu atasema, "Sasa hayo yanatusaidia nini sisi?" Mambo mawili.

La kwanza ni maisha yako. Nyoka mfupi mnene aliyelala njiani huku kwetu, usijiambie ni boa. Anaweza kuwa kifutu, yule wengine wanamwita bafe, na sumu yake inaozesha nyama na kuua. Kifutu naye anazaa watoto hai, mara nyingi makumi. Kuna jike mmoja wa kutoka Kenya, kwenye bustani ya wanyama kule Czech, alizaa 156 kwa mara moja! Na hao watoto wana sumu tangu siku ya kwanza. So mtu akikwambia "katoto haka, shika tu", mwache ashike yeye. Wewe rudi nyuma.

La pili ni nyoka wenyewe. Jike mnene anayeuzika ndiye huyo huyo mwenye mimba. Kwa anayezaa, ukimtoa porini umebeba mama na watoto wote ndani ya gunia moja. Kwa chatu, ukimwondoa mama umeyaacha mayai bila mlinzi. Halafu panya wakijaa ghalani tunauliza wametoka wapi.

Najua kazi hakuna, na pesa ya mtandao inavutia. Lakini wanaouza boa kule nje wengi wanazalisha waliozaliwa kwenye vizimba, vizazi na vizazi. Hapa, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka uwe na kibali kufuga mnyama wa porini. Ukimwokota tu kichakani, we ni mhalifu, si mfugaji. Kama nyoka ni wito wako kweli, Watamu kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa 1980 na James Ashe. Anza kwa kujifunza.

Boa amebeba jina la Kenya duniani kote. Itakuwa aibu mtoto wa London ajue anazaa na si kutaga, na sisi wenyewe tuko hapa tunatafuta mayai.

Wewe unaonaje? Nijibu hapo chini, lakini kwa hoja, si kwa matusi.