Bahari Ilitutaarifu Mapema

Kila mafuriko yanapotukumba, kauli ya wakubwa ni ile ile: hili ni janga la asili. Rambirambi zikishasomwa na magodoro kugawiwa, faili hufungwa. Naomba leo tulifungue tena, kwa sababu kauli hiyo husema nusu tu ya ukweli, na nusu inayofichwa ndiyo inayoua.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mvua za vuli, dalili huweza kuyatangulia mawingu kwa miezi, nayo huanzia baharini. Katika mwaka wa kawaida, pepo za ikweta husukuma maji ya uvuguvugu ya Bahari ya Hindi kuelekea Indonesia. Ipo miaka ambayo pepo hizo hugeuka. Maji baridi huibuka kutoka kilindini karibu na Sumatra, na yale ya uvuguvugu hurundikana upande wetu, yakalisha mawingu yanayomwagika Afrika Mashariki. Wanasayansi waliieleza hali hiyo mwaka 1999 na kuiita daipoli ya Bahari ya Hindi. Ile ya 2019 ilikuwa miongoni mwa kali kuliko zote zilizowahi kupimwa: Australia iliungua, sisi tukazama.

Mwaka 2023 daipoli ilikuja sambamba na El Niño. Watabiri wa hali ya hewa wa kanda hii walionya tangu Agosti. Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Niño iliyotabiriwa haitakuwepo, ila mvua kubwa tu. Kana kwamba maji huulizwa jina kabla ya kuingia nyumbani! Kufikia Desemba, zaidi ya Wakenya 100 walikuwa wamekufa. Huku Tanzania, Desemba 3, tope kutoka Mlima Hanang lilishukia Katesh na kuua makumi ya watu.

Nitajibiwa kwamba hakuna utabiri unaotaja mlima utakaomeguka. Ni kweli. Lakini utabiri hutaja msimu, na msimu unatosha kuzibua mitaro, kuwahamisha walio mabondeni na kutenga fedha kabla ya msiba. Tena, hakuna aliyehitaji utabiri ili kujua kwamba Jangwani, jijini Dar es Salaam, ni bonde la Mto Msimbazi. Hata hivyo, karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa pale pale, na maji yakaifuata mara kadhaa.

Nitajibiwa pia kwamba hewa ya ukaa si yetu. Hilo nalo ni kweli: Afrika nzima huchangia takriban asilimia 4 tu, ilhali bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia, na tafiti zinaonya kuwa kadiri joto linavyopanda, daipoli kali zitatujia mara nyingi zaidi. Deni hilo tulidai bila haya. Lakini anayedai haki katika mikutano ya tabianchi hawezi, akirudi nyumbani, kusaini kibali cha kujenga mtoni.

Mtumishi wa umma, kalamu hiyo ni yako. Nawe mwanafunzi, nawe mwanaharakati, utabiri wa vuli ukitangazwa, uchukue hadi kwenye halmashauri yako na uulize: mmetenga kiasi gani, na nani atawajibika? Swali hilo liulizwe Agosti. Ikifika Desemba, tunabaki kuuliza majina ya marehemu.